Miti ya Darwin, mchanga wa Mtwara

Kila ifikapo Mei, kusi likishatulia kwenye mwendo wake na nyasi za porini zikaanza kukauka, mpwa wangu aliyeko Darwin, mji wa kaskazini ya Australia, hunitumia picha za mti mmoja. Shina lake limegawanyika. Kuanzia chini hadi kimo cha mtu mara mbili au tatu limevaa gome la nyuzinyuzi, la kahawia, halafu gome linakatika na shina linaendelea juu likiwa jeupe na laini mpaka kwenye matawi. Na kule kwenye ncha za matawi vimening'inia vishada vya maua ya rangi ya machungwa, vizito, vinavyong'aa kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani simu yake ndiyo inayozidisha rangi.

"Shikamoo mjomba. Umeyaona?"

"Marahaba. Nimeyaona. Sogea karibu, upige tena. Nataka kuona tumba."

Kitaalamu mti huo ni Eucalyptus miniata. Ni mkaratusi. Ukimwambia mtu wa hapa Mtwara kwamba kuna mkaratusi wenye maua ya rangi ya machungwa atakutazama usoni ajue kama uko sawa, maana mkaratusi kwetu ni nguzo za umeme, ni mirunda ya kujengea, ni majani ya kujifukiza mtu akibanwa na mafua. Maua yake hakuna anayeyaangalia.

Mimi ni mtu wa kitalu. Nauza miche kandokando ya barabara ya kwenda Naliendele: mikorosho ya kubebesha, miembe, michungwa, midimu, na upande wa maua na vivuli nina asumini, mikrismasi, miashoki, na kadhalika. Miti ndiyo inayoniweka mjini, na jioni nikishafunga kazi ni miti hiyo hiyo ninayokaa kuisoma. Nimeitazama mingi ya nchi nyingi. Lakini hakuna iliyonishika moyo kama miti ya maua ya Australia, na leo nataka kueleza ni ipi hasa ninayoitaka na kwa nini naamini ingekaa hapa kwetu.

Mpwa wangu ni fundi wa mitambo ya gesi. Gesi ya Mnazi Bay ndiyo iliyomfundisha kazi, na gesi ndiyo iliyomvusha bahari. Alipofika Darwin mara ya kwanza alinitumia ujumbe wa sauti akisema, "Mjomba, huku ni kama Mtwara, joto lile lile, hata harufu ya mvua ya kwanza." Maneno yale yalinifanya nichukue ramani.

Mtwara ipo nyuzi 10 na robo kusini mwa ikweta. Darwin ipo nyuzi 12 na nusu, kusini vile vile. Mvua zao zinaanza Novemba na kukatika Aprili, halafu inakuja miezi mirefu mikavu yenye jua na upepo, kama sisi. Wao wanapata nyingi zaidi, zaidi ya milimita 1,700 kwa mwaka, wakati sisi tunazunguka kwenye 1,000 hivi. Lakini mpangilio wa mwaka ni ule ule, na mti hujali mpangilio kuliko kiasi.

Hapa ndipo wapenda maua wengi wanapopotea njia. Mtu akitamani miti ya Australia anakwenda kwenye picha zinazosifiwa kuliko zote, na picha hizo ni za kusini. Anaona Corymbia ficifolia, mkaratusi mfupi wenye maua mekundu yanayofunika mti mzima, akaja kuniuliza kama naweza kumtafutia. Mti ule asili yake ni kipande kidogo cha pwani ya kusini ya Australia Magharibi, upande wa Walpole na Denmark. Ferdinand von Mueller, mtaalamu wa mimea aliyesambaza mbegu za mikaratusi duniani kuliko pengine mtu mwingine yeyote, aliuandika mwaka 1860. Ni mti mzuri, sibishi. Lakini kwao mvua inanyesha wakati wa baridi, Juni na Julai, na kiangazi chao ni kikavu. Ukiuleta Mtwara utakuwa unaumwagia maji ya Januari kwenye joto na unyevu ambao haukuumbiwa. Mizizi itaoza, majani yatashikwa na ukungu, na aliyeupanda atasema miti ya Australia haioti kwetu.

Au anataka Brachychiton acerifolius, ule unaopukutisha majani yote kisha ukabaki umevaa vikengele vyekundu matawi mazima. Aliuona Nairobi. Nairobi ni mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, usiku watu wanavaa sweta. Sisi hapa tunalala na feni.

Kwa hiyo mtu wa Mtwara na Lindi asitazame Sydney wala Perth. Sydney iko karibu nyuzi 34, Perth 32. Atazame Darwin, nchi ya Arnhem, Kimberley, na kaskazini ya Queensland. Huko kuna miti ya maua inayoijua masika ya Desemba na inaijua kiu ya Septemba.

Turudi kwenye tumba, maana ndipo uzuri wa mikaratusi unapoanzia. Shangani kuna mkaratusi mkubwa wa zamani nyuma ya nyumba moja, na wenye nyumba wananiruhusu kuokota chini yake. Ukiokota tumba ambalo bado halijafunguka utaona limefungwa kwa kikofia kigumu chenye ncha, kimekaa barabara juu ya kikombe. Kikofia hicho ndicho kilichochukua nafasi ya petali. Siku ua linapokuwa tayari, mstari mwembamba unatokea pale kikofia kinapokutana na kikombe, kinalegea, kinaanguka. Ndani zinakunjuka nyuzi nyingi zilizokuwa zimekunjwa zikaminywa, kila moja ina kichwa kidogo cha chavua. Hizo nyuzi ndizo ua. Rangi yote unayoiona kwenye picha za mpwa wangu, ile ya machungwa, ni ya nyuzi tupu, hakuna petali hata moja. Chini ya mkaratusi unaochanua, kwa hiyo, hupati petali zilizodondoka, unapata vikofia. Ninavyo kwenye kopo pale kitaluni na huwaonyesha watoto wa shule wanaopita.

Kikofia hicho ndicho kilichomvutia Mfaransa L'Héritier alipoipa mikaratusi jina lake la kitaalamu mwaka 1788, akitumia tawi lililochumwa Tasmania mwaka 1777 na David Nelson, aliyesafiri na Kapteni Cook. Lakini sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda Tasmania kuliona jambo hili. Ingia jikoni, chukua karafuu moja nzima ya pilau. Ile punje ya duara iliyokaa katikati ya vidole vinne ni petali ambazo hazikufunguka, zimefunika nyuzi ndani. Karafuu ni tumba lililochumwa kabla ya kuchanua. Mkarafuu, mpera, mzambarau na mkaratusi ni ukoo mmoja, Myrtaceae. Siku ukipita chini ya mpera uliochanua, angalia ua lake: petali chache nyeupe zisizodumu, na katikati nyuzi tele. Sasa liondolee petali, lizidishie ukubwa, liweke rangi ya machungwa. Umekaribia kuuona mti wa Darwin.

Eucalyptus miniata huchanua kiangazi, kati ya Mei na Agosti hivi. Hilo kwangu lina uzito mkubwa. Kwa nini? Kwa sababu kwetu miezi hiyo rangi inakuwa adimu. Mikrismasi imeshamaliza, inangoja Novemba. Mikorosho ndiyo inaanza kutoa maua yake madogo, na mwenye shamba anaangalia ubwiriunga, haangalii uzuri. Porini miombo bado haijatoa yale majani mekundu ya Septemba. Mti mrefu wenye maua ya machungwa mwezi wa Juni, uliosimama kwenye nyasi zilizokauka, nyuki wa Lindi nzima wangejua njia ya kwenda kwake.

Huko kwao wenyeji wanausoma. Katika Kakadu, hifadhi iliyo mashariki ya Darwin, watu wa asili wanahesabu majira sita, siyo mawili, na moja wanaliita Yegge, kuanzia Mei hadi katikati ya Juni. Huyu mkaratusi akichanua, ni dalili kwamba wakati umefika wa kuanza kuchoma pori vipande vipande, moto mdogo unaokwenda taratibu kwenye nyasi ambazo hazijakauka sana, ili baadaye moto mkali wa mwisho wa kiangazi usipate cha kula. Nilipolisoma jambo hilo nilifikiria moto wetu wa Oktoba, unaotoka Liwale mpaka huku ukila kila kitu. Wazee wetu nao walikuwa na miti yao ya kuwaambia saa. Ningependa siku moja kuwakutanisha mzee wa Kakadu na mzee wa Nachingwea chini ya mti wowote, wazungumze habari za moto.

Mchwa nao wana mkono wao pale. Wanaula moyo wa shina na matawi ya mkaratusi huu mti ukiwa hai, unabaki na tundu, na watu wa Arnhem wanachagua zile zilizoliwa vizuri kutengenezea yidaki, lile zumari refu la kupuliza kwa pumzi isiyokatika. Wachongaji wetu wa Kimakonde wangelielewa hilo haraka: kuchagua mti kwa kuugonga na kusikiliza.

Wa pili ninaoutaka, na pengine ndio ninaoutaka kuliko wote, ni Corymbia ptychocarpa. Nao zamani ulihesabiwa mkaratusi mpaka mwaka 1995, Ken Hill na Lawrie Johnson walipoutenga pamoja na wenzake kwenye kundi la Corymbia. Majani yake ni makubwa mno kwa mti wa jamii hiyo, mapana na marefu, yanatoa kivuli cha kweli, siyo kile kivuli chembamba cha mkaratusi wa nguzo. Maua yanakaa juu ya majani kwenye ncha kabisa, vishada vikubwa, na rangi inategemea mti: mwingine waridi, mwingine mwekundu, mwingine mweupe. Hauwi mrefu kupita kiasi. Unaota kwenye chemchemi na kando ya vijito vya Kimberley na kaskazini yote ile, kwa hiyo unapenda miguu yake ipate unyevu.

Wazalishaji wa maua wa Australia walikuwa wajanja. Walichukua ptychocarpa wa kaskazini wakamchanganya na ficifolia wa kusini, wakapata miti mifupi yenye maua ya kusini na uvumilivu wa kaskazini. Mbegu za machotara hao hazizai watoto wanaofanana na mama, kwa hiyo wanabebesha, yaani wanaunganisha kikonyo cha mti wanaoutaka kwenye shina la mche mwingine. Nilipoliona hilo nilifurahi, maana kubebesha ndiyo kazi yangu. Kikonyo chenye macho, shina la mche wenye unene wa penseli, wembe mkali, mkanda wa nailoni, kivuli cha makuti. Mikorosho tunayopanda hapa kwa ajili ya mavuno ni kwa njia hiyo hiyo, tangu watafiti wa Naliendele walipoanza kutoa aina bora. Mikono ya kuitunza miti hii ipo Mtwara tayari. Kinachokosekana ni vikonyo.

Wa tatu ni Grevillea pteridifolia. Ndugu zetu wa Kilimanjaro, Arusha na Lushoto wanajua mgrivea, mti wa kivuli cha kahawa. Ule ni Grevillea robusta, wa mashariki mwa Australia, na ukiachwa ukazeeka unatoa maua ya dhahabu yenye asali nyingi, ingawa wengi wanaukata kwa mbao kabla hawajayafaidi. Huyu ninayemsema ni ndugu yake wa kaskazini, mdogo, mwembamba, majani yaliyokatikakatika yenye upande wa chini wa rangi ya fedha. Banks na Solander, wataalamu wa mimea waliosafiri na Kapteni Cook, waliuchuma mwaka 1770 pale mtoni Endeavour, Queensland, meli yao ilipokuwa inatengenezwa baada ya kugonga mwamba. Maua yake ni ya machungwa, yamejipanga upande mmoja wa kikonyo, na asali inadondoka. Wenyeji wanayanyonya hivi hivi, au wanayaloweka kwenye maji wakapata kinywaji kitamu.

Mti huu mtu asiupe mbolea. Narudia kwa sababu najua tabia yetu: mche ukipewa kwa heshima, mwenye nao anaulisha. Jamii ya mgrivea imekulia kwenye udongo maskini kiasi kwamba mizizi yake imejifunza kuchimba fosfeti kwa nguvu. Inatoa vichaka vya vizizi vidogo vidogo, vimesongamana, vinavyotoa tindikali ya kuyeyusha fosfeti iliyogandamana na udongo. Ukiiwekea DAP au Minjingu, mizizi ile inaifyonza bila kipimo, na majani yanaungua kuanzia ukingoni mpaka mti unakufa. Mchanga wetu wa Mtwara, huu ambao kila bwana shamba akiupima anatikisa kichwa, ndio chakula chake. Sijui mti mwingine wa maua ambao umaskini wa udongo wetu ungekuwa sifa.

Na wa nne ni Xanthostemon chrysanthus wa Queensland, ukoo wa mkarafuu tena, maua ya manjano ya nyuzi ndefu yaliyojikusanya mafundo makubwa. Mji wa Cairns umeufanya ua lake la mji. Singapore wameupanda barabarani, na Singapore ni karibu na ikweta kuliko sisi. Huu sina hofu nao hata kidogo.

Kuna wanaoniambia natamani vitu vya mbali mno. Mimi naona bahari haikututenga kiasi hicho. Nenda Mikindani maji yakijaa, au kule mdomoni mwa Ruvuma, uangalie mikoko. Mchu na mlilana: aina hizo hizo zimesimama kwenye matope ya Darwin, na mkoko una ndugu zake pale. Mlilana unachanua usiku, unafungua nyuzi nyeupe tele zinazodondoka asubuhi. Ukilitazama ua lake vizuri utadhani limetoka kwenye mkaratusi. Mtomondo, ule wa kando ya mito wenye mikufu ya maua inayoning'inia, asili yake ni kuanzia pwani yetu hii mpaka kaskazini ya Australia. Mkungu upo kule kwa asili yake. Mvinje, ambao hoteli zote za ufukweni zimeupanda, ni mzaliwa wa pwani zile na za Asia ya kusini-mashariki, na jamii yake kubwa iko Australia.

Mbuyu ndio unaonishangaza kuliko yote. Duniani kuna aina nane za mibuyu: sita ni za Madagaska peke yake, moja ni yetu ya Afrika, na moja, Adansonia gregorii, iko Kimberley. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2024 unaonyesha asili ya ukoo wote ni Madagaska. Kwa hiyo mbuyu wa Mtwara na mbuyu wa Derby, mji wa Kimberley, ni ndugu waliotoka nyumba moja, mmoja akaelea magharibi, mwingine mashariki. Wa kwetu maua yake yananing'inia, yanafunguka jua likizama, na popo wanayatembelea. Wa kwao ua limesimama wima, mrija mrefu mweupe, linasubiri nondo wenye ulimi mrefu. Mwaka 2008 waliuhamisha mmoja kutoka Kimberley hadi bustani ya Kings Park, Perth, tani 36, umelazwa kwenye lori kilomita 3,200, kwa sababu ulikuwa kwenye njia ya barabara mpya. Wagija wa huko, wenye mti, waliuaga. Kwetu hapa mti ukiwa kwenye njia ya barabara unapigwa msumeno saa nne asubuhi. Hilo linaniuma, nalisema wazi.

Halafu kuna zile sarafu. Mwaka 1944 askari wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya Arnhem. Tano kati yake zilikuwa za shaba za Kilwa. Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi, mwendo wa saa chache kutoka hapa ninapoandikia. Zilifikaje, wanahistoria bado wanavutana. Mimi kila nikifikiria ptychocarpa nafikiria hizo sarafu. Kilichotoka Kilwa kilifika Arnhem. Cha Arnhem kitashindwaje kuja Kilwa?

Mpwa wangu, kwa mapenzi yake, alitaka kunirahisishia. "Mjomba, nakuja Desemba, naweka mbegu kwenye mfuko wa shati, nani atajua?" Nilimkatalia, na sikumkatalia kwa kuogopa askari wa uwanja wa ndege. Mwaka 2010 ugonjwa wa kutu ya mirteli, Austropuccinia psidii, ulionekana New South Wales. Ni ukungu uliotoka Amerika ya Kusini; mara ya kwanza uliandikwa mwaka 1884, Brazil, kwenye mpera. Unaweka unga wa manjano kwenye machipukizi, majani yanajikunja, mti mchanga unakufa. Unashambulia ukoo huu huu wa Myrtaceae. Baadhi ya miti ya asili ya Australia imeanza kutoweka kwa ajili yake. Sasa fikiria unga ule umefika na mbegu zangu za mapambo, ukatoka hapa ukavuka kwenda Pemba. Mtu anayependa maua ya karatusi na hawazii karafuu za watu, huyo hapendi miti.

Kwa hiyo njia ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu: kibali cha kuingiza kwanza, kabla mbegu hazijaondoka kule, halafu cheti cha afya ya mimea kutoka upande wao, halafu ukaguzi zikifika. Mbegu zinunuliwe kwa muuzaji anayetambulika, zisichumwe kwenye hifadhi. Vikonyo vya kubebesha ni hatari kuliko mbegu, vinabeba wadudu na ukungu, kwa hiyo machotara wangu wazuri watasubiri. Nitaanza na mbegu za ptychocarpa wa asili na kukubali rangi itakayotoka.

Mzee jirani yangu ana neno lake, na ni neno la haki. "Mwanangu, mkaratusi unakunywa visima." Ni kweli mashamba makubwa ya mikaratusi inayokua haraka yanavuta maji mengi, na mtu aliyepanda ekari nzima juu ya chemchemi amefanya kosa. Mimi nasema habari za mti mmoja uani, miwili kwenye uwanja wa shule. Ptychocarpa wangu nitampa maji yanayochuruzika kutoka kwenye vitanda vya kitalu, ambayo leo yanapotea barabarani.

Lakini kuna mingine nimeamua kuikosa. Australia ina migunga ya maua ya dhahabu mpaka moyo unauma. Mmoja wao, Acacia pycnantha, ndio ua la taifa lao tangu 1988. Siutaki hapa, wala ndugu zake. Waulize watu wa Njombe habari za miwati inavyojiotea yenyewe. Waulize Afrika Kusini, ambao tangu 1995 wana mpango wa serikali wa kulipa watu kung'oa miti ya kigeni inayokausha mito, na migunga ya Australia imo mstari wa mbele. Mbegu zake zinalala ardhini miaka na miaka, moto ukipita zinaamka. Florida nao walileta Melaleuca quinquenervia kwa nia njema, ikajaza vinamasi vya Everglades. Mti wowote nitakaouleta nitaukalisha kitaluni mpaka uchanue na kuzaa, nione mbegu zake zinakwenda wapi, ndipo nimpe mtu.

Na nisieleweke vibaya, mmulimuli wetu nauotesha pia, na mpingo, na mkongo. Mwenye kupenda miti hachagui upande.

Sehemu nimeshaitenga, upande wa magharibi wa kitalu, chini ya chandarua. Mchanga mtupu na unga wa makumbi ya nazi, bila samadi. Mbegu za mikaratusi mingi ni ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya umezipoteza. Zinachanganywa na mchanga mkavu, zinamwagwa juu bila kufukiwa, na trei inakalishwa kwenye maji ili inyonye kutoka chini, maana kopo la kumwagilia litazizika. Miche ikipata majani manne inahamia kwenye viriba virefu, na isikae humo muda mrefu. Mkaratusi uliojikunja mizizi kwenye kiriba hausahau. Unakua mkubwa, halafu siku ya upepo wa kusi unalala chini. Bora mche wa futi moja uliopandwa mapema kuliko wa mita moja na nusu uliozeeka kwenye plastiki, hata kama mteja anapenda mrefu.

Barua ya kuomba kibali nimeshaiandika. Wakati naingoja nina ombi moja. Miaka ya 1947 hadi 1951, enzi za mradi wa karanga, wageni wengi walipita Nachingwea na Mtwara, na wageni wa namna ile huwa wanapanda miti kwenye nyumba zao. Kama kati ya Kilwa na Masasi, kwenye misheni, shule ya zamani au nyumba ya serikali, kuna mkaratusi unaochanua waridi, mwekundu au machungwa, nitumie picha ya ua, ya jani, na ya shina kuanzia chini, pamoja na jina la kijiji. Nitapanda gari kuja kuuona, na nitakuletea miche ya miembe.